Embe halileti kipindupindu

Kila vuli ikiingia hapa Tanga na maembe yakajaa Ngamiani, maneno ni yale yale: "Msile maembe, mtapata kipindupindu." Walichokiona wazee wetu ni kweli, msimu wa maembe na ugonjwa huu mara nyingi hufuatana. Ila kinachoukaribisha ugonjwa ni mvua.

Bakteria wa kipindupindu hutoka kwenye kinyesi cha aliyeambukizwa, hata asiyeonyesha dalili. Mvua kubwa ikinyesha, vyoo vya shimo hufurika na uchafu ukaingia kwenye kisima kifupi kisicho na mfuniko. Maji hayo hayo ndiyo yanayooshea embe: muuzaji analichovya kwenye ndoo aliyoijaza tangu asubuhi, analichanja, analipaka chumvi na pilipili. Mtu akiugua, lawama linabeba embe. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliandamana na mlipuko mkubwa wa kipindupindu nchini.

Kiangazi nacho kina hatari yake, na hili watu hulisahau sana. Visima vikikauka, mtaa mzima hutegemea kimoja, na maji ya kunawa mikono ndiyo ya kwanza kubaniwa. Tena bakteria huyu huweza kuishi kwenye maji vuguvugu ya chumvichumvi, mto unapokutana na bahari, na joto likipanda huongezeka.

Basi mnunulie mtoto embe lake. Lioshe nyumbani kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini, kisha limenye. Akianza kuharisha choo kama maji ya mchele, mpe ORS, yaani maji yenye mchanganyiko wa chumvi na sukari, huku mkikimbilia zahanati.