Ukishakubali ofa ya kazi, bado unaruhusiwa kwenda kwenye usaili mwingine

Wengi huamini kwamba ukishamwambia mwajiri ndiyo, kuhudhuria usaili kwingine ni kuvunja sheria. Sivyo. Usaili ni mazungumzo tu, na ni nadra kukuta mkataba unaoukataza.

Kinachoweza kukugharimu ni kujitoa baada ya kusaini. Hapo soma mkataba wako: notisi ni ya muda gani, na kama ulilipwa fedha za kuhamia, zinarudishwa lini. Kwa kawaida mahakama haimlazimishi mtu kufanya kazi asiyoitaka. Mwajiri anaweza kudai fidia ya hasara, ingawa wengi hawajisumbui.

Halafu kuna jambo linalosahaulika: ofa nyingi hutolewa kwa masharti, kama vile vyeti kuhakikiwa na wadhamini kuulizwa. Kabla hayo hayajakamilika, mwajiri naye anaweza kurudi nyuma. Kwa hiyo usaili uliokwisha kupangwa sioni sababu ya kuufuta, na kazi uliyo nayo usiiache mapema.

Uungwana ni suala jingine. Kwenda kwa udadisi tu, bila nia ya kuhama, ni kuwapotezea watu muda. Ukiamua kujitoa, mwandikie mwajiri siku hiyohiyo, kabla hajawajulisha waombaji wengine kwamba nafasi imejaa.