Vipele vya ndevu kwa wanaopenda wembe: maswali na majibu

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya ngozi. Haipiti Jumatatu bila mwanaume kuketi mbele yangu akiwa ameziba kidevu kwa kiganja. Zamani niliwaona zaidi wale wa kunyoa haraka haraka kwa maji baridi na kipande cha sabuni ya kufulia. Sasa wameongezeka wengine: vijana wanaopenda kunyoa kwa dhati, wenye mashine ya chuma ya kuwekea wembe, brashi, sabuni ya kikombe na jiwe la shabu, wanaoifurahia saa yao mbele ya kioo kila asubuhi kama wazee wanavyoifurahia kahawa barazani. Starehe hiyo siipingi, hata mimi ninayo. Ninachokipinga kiko hapa chini, na mtaniwia radhi nikikirudia.

Vipele vya ndevu ni nini hasa?

Ni unywele uliokatwa ukarudi ndani ya ngozi. Ndevu za wengi wetu hujikunja. Wembe ukizikata, ncha hubaki kali kama penseli iliyochongwa. Unywele ukiota tena hujipinda, hutoboa ngozi pembeni mwa tundu lake na kuzama, na mwili huupokea kama ulivyopokea mwiba: unavimba, unawasha, pengine unatunga usaha. Si damu chafu, si kijicho cha jirani, wala haina maana kwamba huogi. Zipo sababu nyingine za vipele kidevuni, ila wagonjwa wa namna hiyo siwaoni mara nyingi na leo siwagusi.

Nikinyoa zaidi, tena kwa wembe mpya, si vitaisha?

Hapana. Ningekuwa na uwezo ningelibandika jibu hili kwenye kila kioo cha bafuni kuanzia Tanga hadi Mombasa. Usinyoe juu ya vipele. Wembe ukipita juu ya kipele hukata kichwa chake, humwaga damu, hufungua mlango kwa vijidudu, na unywele uliosababisha yote hayo unauacha palepale ukiwa na ncha mpya kali zaidi.

Lakini nikimaliza kunyoa uso unakuwa laini kabisa.

Unakuwa laini hadi kesho kutwa. Ndiyo maana watu hawaniamini. Ulaini ule wa kupitisha kidole usihisi kitu unapatikana kwa kukata unywele chini kidogo ya usawa wa ngozi, na unywele uliokatwa hivyo hauna haja hata ya kutoka nje: unatoboa ukuta wa tundu lake humo humo.

Mwezi uliopita alikuja kijana anayefanya kazi dirishani benki. Kola ya shati lake jeupe ilikuwa na vidoa vya damu vidogo kama mbegu za mchicha. Alikuwa akipitisha wembe mara tatu kila asubuhi: kwanza kufuata mlalo wa ndevu, kisha kwa kukatiza, kisha kinyume, huku ameivuta ngozi ya shingo kwa vidole, kama alivyoona kwenye video. Video hizo nyingi zinafundishwa na watu wenye ndevu zilizonyooka, na hilo hakuna anayemwambia mtazamaji. Nikaweka lenzi. Chini ya ngozi ulionekana unywele mweusi umejikunja kama mkono wa kikapu, umezama huku na huku. Nikauinua taratibu kwa sindano safi, bila kuung'oa, nikaupimia rula. Ulikaribia sentimita moja.

"Dokta, wote huo ulikuwa humo?"

Ulikuwa humo, kijana wangu. Na kila asubuhi ulikuwa ukiupitishia wembe juu yake.

Kwa hiyo nifanye nini kwanza?

Weka wembe chini. Kabla ya krimu, kabla ya sabuni maalumu, kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote: weka wembe chini.

Kwa muda gani?

Wiki nne kwa uchache, na kama vipele vimekomaa, sita au zaidi. Ndevu hukua chini kidogo ya nusu milimita kwa siku. Zikikaribia sentimita moja, nywele nyingi zilizonaswa hujifyatua zenyewe kama springi. Kila siku weka kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, asubuhi na jioni, usisugue. Nakuonya mapema: wiki ya kwanza itawasha kuliko ulivyozoea, maana nywele zilizo njiani kujipinda bado hazijafika. Ni wiki hiyo ambayo nusu ya wagonjwa wangu huvunja ahadi, kisha wanakuja kuniambia kuwa kuacha wembe hakukusaidia. Siku sita si wiki nne.

Kazini kwangu ndevu haziruhusiwi. Nitafukuzwa.

Walinzi, wahudumu wa hoteli na askari wananiambia hivi kila mara, na nawaelewa. Njoo uandikiwe barua. Hili halijaanza kwetu: katika jeshi la Marekani kwa miongo mingi askari, wengi wao weusi, walikuwa wakipewa cheti cha daktari cha kutonyoa kwa sababu ya vipele hivi hivi. Ikishindikana kabisa, tumia mashine ya umeme ya saluni, ile ya kupunguzia, ikiwa na kizuizi chake, ibakize angalau milimita moja. Kwa mbali utaonekana nadhifu. Poda za kuondolea ndevu zinasaidia baadhi ya watu lakini zinaunguza ukizisahau usoni, na juu ya vipele vibichi hazifai.

Kipele kimoja kimeiva. Nikitumbue?

Usikitumbue. Usikikamue kwa kucha, usichokonoe kwa pini ya hijabu ya mkeo, na usiung'oe unywele kwa kibanio, maana ukikatikia ndani umerudi mwanzo. Kilichoko juu ya mdomo au pembeni mwa pua ndicho usikiguse hata kidogo. Ukiona kitanzi cha unywele kimejitokeza juu ya ngozi unaweza kukiinua taratibu kwa ncha safi ya sindano mpya, ncha itoke, basi. Kama huoni kitanzi, hakuna cha kutafuta huko ndani.

Dukani nimepewa krimu, siku tatu vipele vimekauka. Mbona hamuandiki hiyo?

Isome tyubu. Ukikuta clobetasol au betamethasone, mara nyingi ikiwa imechanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria, basi hiyo ni steroidi kali. Inazima uvimbe, ndiyo. Unywele umebaki palepale. Ukiendelea kupaka miezi mitatu, minne, ngozi ya uso inakuwa nyembamba, inabadilika rangi, mishipa inaonekana, na chunusi mpya zinaota ambazo krimu hiyo hiyo ndiyo inayozilisha. Halafu ukiiacha uso unalipuka, unaona bora urudi dukani. Nimewaona walioipaka mwaka mzima huku wakinyoa kila siku, na kuwarudishia uso wao ni kazi ndefu kuliko ya kuondoa vipele vyenyewe. Dawa za kupaka zipo na tunazitoa, pamoja na za usaha pale zinapohitajika, lakini hakuna itakayofanya kazi huku wembe unapita juu yake kila asubuhi.

Spiriti, afta-shevu, au ndimu baada ya kunyoa?

Ndimu weka kwenye supu. Spiriti na afta-shevu kali juu ya ngozi iliyochubuka zinaunguza, na kuwashwa kule watu wanakuita kusafishika. Jiwe la shabu lililoloweshwa maji linakata damu ya mkwaruzo mdogo na sina ugomvi nalo, mradi liwe lako peke yako.

Mimi na mdogo wangu tunatumia mashine moja, ila wembe naupangusa kwa spiriti.

Hapana, hapana, hapana. Kupangusa hakuui kila kilichopo kwenye wembe. Virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, katika damu ambayo hata huioni, na mwenye navyo anaweza kukaa miaka akiwa mzima wa afya machoni pa watu. Mtu mwenye vipele hutoka damu kila anaponyoa. Kwa hiyo kila mtu na wembe wake, mashine yake na brashi yake, hata kama mmechangia ziwa moja. Kwa kinyozi, wembe utolewe kwenye karatasi yake mbele ya macho yako. Akikunja uso, inuka. Muulize pia mhudumu wa afya kuhusu chanjo ya homa ya ini B, kwa kuwa watu wazima wengi hawakuipata utotoni. Na kama umekatwa na wembe uliotoka kumnyoa mtu mwingine, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, na baada ya saa 72 dirisha limefungwa. Usingoje "nione kwanza".

Vinundu vyangu viko kisogoni. Ni kitu kimoja?

Ni ndugu. Huanza kwa vipele vidogo kwenye mstari wa kisogo, hasa kwa wanaokata nywele chini kabisa kila wiki au wanaosuguliwa na kola. Vikiwa vidogo kama punje za mtama tunavipunguza kwa dawa. Vikiungana vikawa kovu nene lisilootesha nywele, tunazungumzia sindano za kila mwezi na pengine upasuaji. Wanaume huficha kisogo miaka miwili, mitatu, wanakuja siku ya kutafutiwa mke. Njoo vikiwa punje.

Nije kliniki lini kwa vipele vya kidevu?

Usaha ukienea, ukipata homa, uso ukivimba upande mmoja au jicho likianza kuziba: leo, wala usingoje kuche. Kama una kisukari, njoo kwenye usaha wa kwanza. Vipele vikiacha uvimbe mgumu unaokua, njoo wiki hiyo, hasa kama kwenu kuna watu wenye makovu ya kuvimba. Na kama umeweka wembe chini wiki sita kamili bila nafuu, njoo tuangalie upya. Nimesema kamili.

Wiki zimetimia, ngozi imetulia. Naweza kurudia starehe yangu?

Unaweza, na hapa wapenzi wa mashine ya zamani mna bahati. Kwenye zile za kisasa zenye nyembe tatu au tano, wembe wa mbele huuvuta unywele, na wa nyuma huukatia chini ya ngozi. Wembe mmoja haufanyi hivyo kwa kiasi kile. Faida hiyo usiipoteze kwa pupa.

Nyoa baada ya kuoga, au weka taulo la maji moto usoni dakika tatu hivi. Unywele uliokunywa maji unakatika kwa urahisi na ncha yake haiwi kali sana. Loweka brashi, ikung'ute, izungushe kwenye sabuni mpaka povu liwe zito kama maziwa ya mgando, kisha lipake kwa kuzungusha, unywele usimame. Usikimbie hatua hii, ndiyo tamu na ndiyo yenye faida. Kabla ya hapo pitisha kidole shingoni ujue mlalo wa ndevu zako, maana kwa wengi upande wa kushoto hauelekei kama wa kulia, na chini ya koo huzunguka kama maji ya mfereji. Inamisha mashine kama nyuzi 30, uzito wake wenyewe unatosha, usikandamize. Mapito mafupi ya wembe, ukifuata mlalo, ukisuuza kila mara. Ngozi usiivute. Mara moja tu. Ukitaka kurudia sehemu iliyobaki, paka povu upya, fuata mlalo ule ule. Kinyume cha mlalo sahau, hata siku ya harusi yako. Malizia kwa maji baridi na mafuta mepesi yasiyo na manukato.

Anza kwa siku mbili kwa wiki. Raha ya brashi na povu kila siku unaweza kuipata bila wembe. Mimi siku nyingine napaka, nasuuza, naondoka zangu, na mke wangu ananicheka. Kikitokea kipele kimoja, unakijua cha kufanya. Weka wembe chini.

Wembe mmoja ninyolee mara ngapi, na nikimaliza niutupe wapi?

Mara tatu hadi tano. Ukianza kukwaruza au kuvuta, umekwisha hata kama ni mara ya pili. Suuza, kung'uta, acha ukauke. Kuupangusa kwa taulo kunaharibu makali na kunakata vidole. Zilizotumika zitie kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko kilichotobolewa upenyo mdogo, kifuniko ukifunge kwa gundi ya karatasi na kuliweka juu watoto wasipofikia. Litajaa baada ya miaka. Msizifungie kwenye mfuko wa takataka: wiki iliyopita nilimshona kiganja kijana wa mkokoteni wa taka, na wembe uliomkata ulikuwa bado na nywele.