"Mwanakondoo aliyechinjwa" maana yake nini hasa?

Ingia ibada yoyote ya Pasaka, ya Wakatoliki, Walutheri, walokole, popote, haipiti nusu saa hujasikia neno Mwanakondoo, na watu wanaliimba macho wamefumba kabisa. Sasa muulize jirani yako wa kwenye benchi maana yake nini, wengi watakujibu "ni Yesu, kwa sababu alikuwa mpole". Hajakosea, ila hiyo ni robo tu ya maana na tena sio robo yenye nyama.

Tuanzie Misri, Kutoka sura ya 12. Waisraeli ni watumwa, usiku wa mwisho kila nyumba inaambiwa ichinje mnyama, dume la mwaka mmoja lisilo na kilema, damu wapake kwenye miimo miwili ya mlango na kizingiti cha juu, nyama waichome waile usiku huohuo wameshavaa viatu na fimbo mkononi, yaani watu wanakula huku wako safarini. Kuna vitu viwili hapo wasomaji huwa wanaviruka. Kwanza imeandikwa mnyama atoke kwenye kondoo au kwenye mbuzi, kwahiyo mwenye vimbuzi vyake tu hakuachwa nje (hii huwa inanifurahisha sana). Pili, alichaguliwa tarehe 10 ya mwezi na kuchinjwa tarehe 14, maana yake mnakaa nae siku nne, na kama kuna watoto hapo nyumbani nadhani unajua kinachotokea, washamletea majani, washamzoea, halafu jioni ya nne baba anatoa kisu.

Halafu anakuja Isaya, sura ya 53, anamzungumzia mtumishi wa Mungu anayepelekwa kama mwanakondoo machinjoni na hafungui kinywa. Hii ataielewa haraka mtu aliyewahi kuchinja. Mbuzi akishikwa mtaa mzima unajua leo kwenu kuna shughuli, kondoo anakutazama tu. Mimi nilishika miguu ya kondoo mara moja nikiwa mdogo, kwa babu, na nilichobaki nacho kichwani sio damu, ni ule ukimya. Si kuna methali inasema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, haikutoka kwenye Biblia lakini waliyoisema walimwangalia mnyama yuleyule.

Kwahiyo Yohana Mbatizaji anapomnyooshea Yesu kidole kule Yordani na kusema tazama Mwanakondoo wa Mungu, Myahudi aliyekuwa pale hakufikiria upole kwanza, alifikiria damu ya mlangoni, alifikiria hekalu ambako kila siku walitolewa kondoo wawili, mmoja asubuhi mmoja jioni. Na Injili ya Yohana inaifuata picha hii mpaka mwisho, Yesu anasulubiwa siku ya maandalio ya Pasaka, askari wanawavunja miguu wale wengine wawili, wakifika kwake wanakuta ameshakufa wanamwacha, na mwandishi anakukumbusha kwamba mfupa wake hautavunjwa, sharti lilelile alilowekewa mnyama wa Kutoka 12.

Sasa njoo Ufunuo sura ya 5, hapa ndo penyewe. Kuna kitabu kina mihuri saba, hakuna wa kukifungua mbinguni wala duniani, Yohana anayesimulia maono hayo (sio yule Mbatizaji) analia sana. Mzee mmoja anamwambia usilie, Simba wa kabila la Yuda ameshinda. Yohana anatazama, na badala ya simba anamuona mwanakondoo, amesimama, kana kwamba amechinjwa. Soma tena hayo maneno mawili, amechinjwa na amesimama. Mnyama aliyechinjwa analala, kila mtu anajua. Na Kigiriki kilichotumika pale kinaonyesha jambo lililotendeka na hali yake bado ipo, yaani jeraha linaonekana. Ni kama kwa Tomaso, Yesu alifufuka na matundu yake ya misumari, hakuja na mwili uliofutwa historia. Na simba hatokei tena mbele ya safari kuja kumaliza kazi, kuanzia hapo kitabu kizima kinamuita Kristo mwanakondoo, mara 28. Kushinda kwenyewe ndo kule kuchinjwa, na wanaoimba "astahili" wanataja hiyo sababu waziwazi: kwa kuwa ulichinjwa.

Ndo maana Wakatoliki wanaimba "Mwanakondoo wa Mungu uondoaye dhambi za dunia" wakati padri anaumega mkate, sio kabla wala baada. Wimbo huo uliingizwa kwenye misa ya Roma na Papa Sergius wa Kwanza, aliyefariki 701, familia yake ilitokea Syria. Cha kuchekesha ni kwamba mwaka 692 mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa kule Constantinople ulipiga marufuku kumchora Kristo kama mwanakondoo, wakataka achorwe kama mtu, na Sergius akagoma kusaini maamuzi yao.

Waliolishika neno hili mpaka likawa nembo ni Wamoraviani, kanisa la Kiprotestanti. Mwanakondoo kabeba bendera ya ushindi, na maneno yake ukikaa Mbeya au Tabora umeshayasikia: Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate. Walifika Rungwe mwaka 1891, na walitoka na desturi moja ya Herrnhut, Ujerumani, ambako Pasaka ya 1732 vijana waliamka kabla ya jua wakaenda kuimba makaburini. Mpaka leo ibada hiyo ipo, na liturujia yake ina sehemu ya kuwakumbuka waliolala tangu Pasaka iliyopita.

Hapo ndo unaelewa kwanini yule Mwanakondoo hakufichwa jeraha. Giza bado, baridi ya Rungwe ile, watu na makoti na vitenge wamezunguka makaburi, mengine udongo haujatulia hata, kuna mama amesimama kwenye la mwanae. Mchungaji anasema Bwana amefufuka, na huyo mama anajibu na wenzake, sauti ya kukwama, amefufuka kweli kweli.