Ushirikiano wa taaluma za utafiti wakati wa ukata ni nini?

Ni pale watafiti wa fani tofauti wanapojibu swali moja kwa takwimu zinazoweza kusomwa pamoja. Kuchangia gari au maabara peke yake hakutoshi, ingawa fedha zikikauka, kama ilivyotokea kwa miradi mingi Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, wengi huanzia hapo.

Chukua homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo na binadamu unaoenezwa na mbu. Kirusi chake kilielezwa kwanza mwaka 1931, baada ya kondoo kufa karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Walioandika ni Daubney na Hudson, watu wa mifugo, pamoja na Garnham, daktari wa binadamu. Ugonjwa huu hauna fani moja inayoumudu. Mayai ya mbu aina ya Aedes yenye kirusi hukaa miaka kwenye udongo mkavu; mvua kubwa zikituamisha maji huanguliwa, mbu huuma mifugo, mifugo hutupa mimba, kisha huugua aliyeichinja au aliyeizalisha. Bila wataalamu wa hali ya hewa na wadudu, daktari anaiona hatua ya mwisho tu.

Pesa huokolewa kwa safari moja, boma moja: damu ya mbuzi na ya mfugaji zitolewe siku hiyohiyo, mitego ya mbu itegwe jioni yake. Seramu, yaani majimaji ya damu yanayobaki ikishaganda, igawanywe kwenye vichupa vidogo kabla ya kugandishwa, kila maabara na chake. Kuyeyusha na kugandisha tena na tena huharibu chembe za urithi za kirusi, na gharama ya safari inapotea nazo.

Kinachovuruga kazi zaidi ni namba za sampuli. Wa mifugo huandika kwa kundi, wa afya kwa kaya. Wakirudi, hakuna ajuaye mbuzi yupi ni wa mgonjwa yupi. Namba ya boma ikubaliwe kabla ya kutoka. Halafu vibali vya utafiti: cha binadamu na cha wanyama mara nyingi hupita kamati tofauti. Kimoja kikichelewa, timu moja hutangulia, na kingamwili za maambukizi mapya hutoweka baada ya miezi michache, ulinganisho umeharibika.

Kuunganisha idara ili kupunguza mishahara ni jambo jingine kabisa. Akiondolewa mtaalamu wa wadudu, mbu hawachunguzwi. Kwa ushirikiano wenyewe, mkataba wa kurasa 2 kati ya timu unatosha: nani analipa mafuta, vitendanishi (kemikali za vipimo) na umeme wa friza ya nyuzi −80, na majina ya waandishi yatapangwaje kwenye makala.