Mgongo Unaouma Ukipumzika: Ni Wangapi Wanaougua, na Unahesabia Mlango Gani?

Siku hizi hospitalini tunapokea malalamiko ya namna moja kutoka Urambo, Kaliua, Sikonge na hapa Tabora mjini. Mwananchi anasema: "Zahanati waliniambia ni uchovu wa kazi, hospitali wananiambia ni baridi yabisi ya uti wa mgongo. Nimwamini nani?" Hakuna aliyekudanganya. Kila mmoja alizungumza kutokana na wagonjwa anaowaona kila siku.

Kitaalamu baridi yabisi hii ni ya kundi la magonjwa liitwalo spondiloathraitisi. Kinga ya mwili inaugeuka mwili wenyewe na kushambulia uti wa mgongo, hasa pale unapokutana na mifupa ya nyonga.

Kujua ni wangapi wanaougua, fikiria chekeche za unga, moja juu ya nyingine, kila moja ikichuja zaidi. Marekani, uchunguzi wa 2009 na 2010 ulikuta takriban mtu 1 katika kila 100 ana dalili za kundi hili la magonjwa. Ukihesabu tu wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu wanaokwenda kwa daktari wa kawaida, makadirio ya Ulaya ni kama 5 katika 100. Ujerumani, madaktari wakichuja vijana ambao mgongo ulianza kuuma kabla ya miaka 45 na umeuma zaidi ya miezi mitatu, kisha wakawapeleka kwa bingwa wa viungo, anayewapokea hukuta theluthi moja hadi karibu nusu yao wana ugonjwa huu. Ugonjwa ni uleule. Kilichobadilika ni nani amefika mlangoni.

Mlango mwingine unaosahaulika ni kliniki ya macho. Mjini Dublin, takriban wagonjwa 4 kati ya 10 waliofika na jicho jekundu, linalouma na kuogopa mwanga, kutokana na uvimbe wa ndani ya jicho, walikutwa na ugonjwa huu. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa. Kwa hiyo mtu wa macho akikuuliza habari za mgongo wako, usimwone amechanganyikiwa.

Hapa kwetu hesabu hizo hazihami kama zilivyo. Chembe ya urithi HLA-B27, inayoambatana sana na ugonjwa huu, ipo kwa karibu watu 8 katika 100 kaskazini mwa Ulaya, lakini sehemu nyingi za kusini mwa Sahara haifiki hata 1 katika 100. Kwa sababu hiyo ugonjwa ni nadra zaidi kwetu. Ila nadra si sawa na haupo, na maneno ya "huo ni ugonjwa wa Wazungu" tunaomba yaishe. Mwafrika anaweza kuugua bila kuwa na chembe hiyo, kwa hiyo kipimo chake kikisoma hana, mjadala haujafungwa.

Nimepata kumpima kijana mmoja mkulima wa tumbaku. Kila usiku saa tisa aliamka, akazunguka nyumba hadi maumivu yapungue, ndipo arudi kulala. Miaka sita aliambiwa pingili zimesagana, mara figo, mara UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) sugu. Nilimsimamisha ukutani, visigino vikigusa, nikamwambia agusishe kisogo. Vidole vyangu vitatu vilipita katikati ya kisogo na ukuta. Nikachora alama mbili mgongoni, sentimita 10 kati yake, akainama. Kwa mgongo wenye afya zingeachana hadi kama 15. Zake ziliishia 12.

Ndiyo tofauti: mgongo wa kazi hutulia ukipumzika, huu hutulia ukitembea.

Lakini kabla ya kuuita hivyo, kwetu ni lazima tuondoe kifua kikuu cha mifupa na brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu kwa maziwa mabichi, maana maziwa hayo bado yananywewa sana. Tunauliza pia hali ya VVU, kwa kuwa VVU huweza kuleta uvimbe wa viungo unaofanana na huu. Tukikuomba makohozi au damu, si kwamba tumepuuza mgongo.

Utaratibu ni huu. Anza zahanati au kituo cha afya. Omba barua ya rufaa iliyoandikwa tarehe maumivu yalipoanza, dawa ulizotumia na majibu ya vipimo, ikiwa na sahihi na muhuri. Leta eksirei zote, hata za zamani. Kadi ya bima iwe yako mwenyewe. Kutumia kadi ya ndugu ni kosa, na linakuletea matatizo wewe na mwenye kadi. Ikihitajika MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) au bingwa, tutakuandikia rufaa ya hospitali ya Bugando, Benjamin Mkapa au Muhimbili. Usijipeleke bila karatasi halafu ulalamike umerudishwa.

Na sindano za dukani ziachwe. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kumchoma mtu sindano, na linaweza kufungiwa. Zaidi ya hapo, vidonge vya predinisoloni mnavyouziana havisaidii mgongo huu, na vinaharibu mifupa. Kinachosaidia ni dawa za kupunguza uvimbe alizokupimia daktari, mazoezi ya kila siku, na kuacha sigara, kwa sababu inaharakisha kukakamaa kwa uti wa mgongo.

Kijana yule sasa anakuja kliniki ya mazoezi tiba. Amechelewa miaka sita, na pengo la kisogo na ukuta halizibiki tena. Saa tisa usiku, lakini, sasa analala.