Divai nyekundu si dawa ya moyo

"Kunywa kidogo, shangazi, hii ni dawa ya moyo." Husikika sana kwenye meza za sherehe, glasi ya divai nyekundu ikisogezwa kwa mtu ambaye bia asingeigusa. Wasemao hivyo wana nia njema kabisa.

Imani hii ilivuma mwaka 1991, kipindi cha televisheni cha Marekani kilipoeleza kwamba Wafaransa hula siagi na jibini kwa wingi lakini hawafi sana kwa maradhi ya moyo. Sifa ikapewa divai. Tafiti nyingi nazo zikaonyesha wanywaji wa kiasi wakiishi zaidi kuliko wasiokunywa. Kasoro ilikuwa kwa hao "wasiokunywa": miongoni mwao walikuwamo watu walioacha pombe kwa sababu tayari wanaumwa. Ukimshindanisha mzima na mgonjwa, mzima atashinda tu, hata angekuwa anakunywa maji. Tena wanywaji wa kiasi mara nyingi walikuwa na kipato kizuri na mlo bora.

Na ile resveratroli, kemikali ya maganda ya zabibu inayosifiwa kulinda moyo? Imo kidogo mno. Kilichojaa ni kilevi: glasi ya mililita 150 yenye asilimia 12 hubeba gramu 14 hivi. Mwili hukigeuza kuwa asetaldehidi, kemikali inayoharibu vinasaba. Pombe imo kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1988, na leo inajulikana kuchangia hata ile ya matiti. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiwango kilicho salama.

Na kama shangazi ana presha, pombe huipandisha.