Amezimia Akikimbia? Huyo Harudi Uwanjani Kabla ya Kupimwa

Mtu anayefanya mazoezi kila siku anawezaje kuwa na ugonjwa wa moyo?

Anaweza. Mazoezi huimarisha moyo, lakini hayafuti kasoro uliyozaliwa nayo. Nwankwo Kanu alikuwa nahodha wa Nigeria iliyotwaa dhahabu ya soka ya Olimpiki mwaka 1996. Miezi michache baadaye, madaktari wa Inter Milan walimpima wakakuta vali ya moyo wake, yaani mlango wa kupitishia damu, ni mbovu. Marc-Vivien Foé wa Kamerun hakupata bahati hiyo. Mwaka 2003, akiwa na miaka 28, alianguka uwanjani Lyon bila kuguswa na mtu. Uchunguzi wa maiti ulionyesha msuli wa moyo ulionenepa kupita kiasi, ugonjwa ambao kwa kawaida hurithiwa.

Kwa walio chini ya miaka 35, kasoro za kurithi za msuli au za umeme wa moyo ndizo za kuhofiwa zaidi. Kuanzia umri huo kwenda juu, mara nyingi ni mishipa ya moyo iliyoziba.

Si moyo wa mwanamichezo huwa mkubwa kwa kawaida?

Ndiyo. Vyumba vyake hupanuka, kuta hunenepa kidogo, na akipumzika mapigo yanaweza kushuka hadi 40 kwa dakika bila ugonjwa wowote. Kutofautisha unene wa mazoezi na wa ugonjwa kunahitaji ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na ultrasound ya moyo. Kocha hawezi kujua kwa kumtazama tu.

Alizimia katikati ya mechi, akamwagiwa maji, akaamka na kumaliza dakika 90. Bado aende hospitali?

Aende. Leo hii. Na hizo dakika zilizobaki hakupaswa kuzicheza.

Hapa naomba mnivumilie, maana mimi daktari nimechoka kuona jambo hili. Kijana analetwa wiki tatu baada ya kuzimia, begi la viatu begani, na kinachotafutwa si matibabu ila barua ya kumruhusu acheze Jumamosi. Namuuliza: ulihisi nini kabla ya kuanguka? "Hakuna, nilikuwa nakimbilia mpira." Kocha anadakia: hakuwa amekula. Jibu la kijana ndilo linalonitisha. Aliyezimia kwa sababu ya njaa au joto mara nyingi huona kizunguzungu na giza kwanza. Aliyekatika ghafla huku miguu ikiwa bado mbioni, moyo wake ndio mshukiwa wa kwanza.

Lakini si inawezekana ilikuwa njaa kweli?

Inawezekana. Basi tupime moyo, tukiukuta mzima, tutaizungumza hiyo njaa. Mpaka hapo hachezi, hata dakika 10, hata kama ni fainali.

Na aliyezimia baada ya kuvuka mstari wa mwisho?

Mara nyingi damu imebaki miguuni kwa sababu alisimama ghafla. Mlaze, mwinue miguu, kisha naye aonwe na daktari. Hofu yangu kubwa ni kwa anayeanguka akiwa bado anakimbia.

Dalili gani nyingine hufichwa?

Kifua kubana wakati wa kukimbia, mapigo kwenda ovyo, pumzi kukata kuliko wenzake. Pia ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana. Wachezaji huficha kwa kuogopa kupoteza namba.

Nina homa. Nikitoa jasho mazoezini si itashuka?

Hapana. Virusi vingine hushambulia msuli wa moyo, na kuukimbiza moyo uliovimba kunaweza kuusimamisha. Homa ikikushika, pumzika.

Ameanguka na hajitambui. Tuushike ulimi asiumeze?

Toeni vidole mdomoni! Ulimi haumezwi. Moyo ukisimama mtu anaweza kutikisika kama mwenye kifafa na kutoa pumzi chache za kukoroma. Hizo si pumzi za uhai. Mmoja apige simu ya dharura, mwingine akimbilie mashine ya kushtua moyo, wa tatu aanze kubonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusita. Christian Eriksen, mchezaji wa Denmark aliyeanguka Copenhagen mwaka 2021, alibonyezwa kifua na kushtuliwa palepale uwanjani.

Nikikutwa na tatizo, ndio mwisho wa mpira?

Si lazima. Kanu alipasuliwa akarudi kucheza. Eriksen amerudi akiwa na kifaa kilichopandikizwa kifuani. Fabrice Muamba, mchezaji wa Bolton ya Uingereza ambaye moyo wake ulisimama London mwaka 2012, aliokolewa lakini akastaafu akiwa na miaka 24. Inategemea kilichokutwa. Kikiwa cha kurithi, ndugu zako wa tumbo moja nao waje wapimwe, hata yule ambaye hajawahi kugusa mpira.